Nota za Waliokuja

Bendi ya matarumbeta ninayoiongoza, katika usharika mmoja ulio kwenye mteremko juu ya mji wa Moshi, ina ukubwa wa aina mbili. Wiki ya mwisho ya Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko, viti vya mazoezi havitoshi, na niliwahi kuhesabu wapulizaji 26 katika mazoezi ya mkesha wa Krismasi. Ikifika katikati ya Januari mabasi yamekwisha kuwarudisha watu kwenye kazi zao, wanafunzi wamekwenda bweni na vyuoni, nami hubaki na watu 9, pengine 7, ambao miongoni mwao hakuna anayepiga tromboni ya pili wala klarineti ya tatu. Ibada haipungui kwa sababu bendi imepungua, na misiba haisubiri Desemba. Familia inapompumzisha mzazi wao kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, siku ya Alhamisi ya Februari, wanataka kusikia matarumbeta kama walivyoyasikia kwa jirani, na wana haki ya kuyasikia.

Kwa miaka mingi nililichukulia jambo hili kuwa tatizo la mahudhurio. Niliwasihi vijana, niliandika majina ya waliokosa, nilimwomba mchungaji aligusie kwenye matangazo, na kila mwaka mpya nilianza tena kuhesabu mapengo. Siku hizi naamini kwamba kosa lilikuwa kwenye karatasi niliyowawekea mbele, kwa sababu nota tulizokuwa nazo ziliandikwa kwa ajili ya bendi ya Desemba, na hapakuwa na mtu aliyetuandikia nota za bendi ya Februari.

Nota za kawaida za bendi ya tamasha huja kama seti. Ndani yake kuna kitabu cha kiongozi, kinachoonyesha ala zote zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine, na karatasi ya kila ala peke yake: filimbi, obo na fagoti (ala za mbao za kupuliza), klarineti ya kwanza hadi ya tatu, klarineti besi, saksofoni za aina tatu (alto, tena na baritoni), tarumbeta tatu, honi mbili au nne, tromboni tatu, eufoni, tuba, kisha ngoma ndogo, ngoma kubwa, matoazi na ala nyingine za kugonga. Wachapishaji huzigawa kwa madaraja, mara nyingi kuanzia la 1 kwa wanaoanza hadi la 6 kwa bendi zilizokomaa, na daraja hupimwa kwa mambo kama urefu wa ngazi ya sauti anayotakiwa kuifikia mpulizaji, ugumu wa mapigo, na wingi wa shapu na flati, yaani alama za kupandisha na kushusha nota kwa nusu hatua. Daraja hilo halisemi lolote kuhusu idadi ya watu wanaohitajika. Nimeona nota za daraja la 2, ambazo kijana aliyejifunza mwaka mmoja na nusu anaweza kuzisoma, zikidai watu 30 ili zisikike kama mtunzi alivyokusudia.

Tulilijua hilo kwa njia ngumu. Wageni waliowahi kututembelea walituachia maboksi mawili ya nota, zawadi iliyotolewa kwa moyo mweupe, nami nikachagua wimbo mmoja wa daraja la 2 kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Baa za kwanza, yaani vipande vya wimbo vinavyotenganishwa na mistari ya wima, zilikwenda vizuri. Kisha wimbo ukapokelewa na obo pamoja na filimbi ya pili, ala ambazo hatuna hata moja, na kwa baa 8 nzima tukabaki tunasikia tuba na tromboni zikisindikiza kitu kisichokuwepo. Mzee wetu wa tuba aliendelea kwa uaminifu mpaka mwisho wa mstari, akashusha ala yake magotini, akaniuliza, "Mwalimu, wimbo wenyewe umekwenda wapi?" Wachapishaji wanajua kwamba jambo hili hutokea, na ndiyo maana katika baadhi ya nota huandika kwa herufi ndogo, ndani ya karatasi ya klarineti au tarumbeta, kile ambacho obo angepiga, ili mwingine amshikie nafasi yake. Ni msaada mzuri, lakini unafaa panapokuwa na pengo moja au mawili. Sisi tulikuwa na mapengo mengi kuliko watu.

Aina nyingine ya nota niliikuta baadaye, nami huziita nota nyumbufu. Mtu aliyekulia kwenye kwaya ataelewa mara moja jinsi zinavyofanya kazi, maana zimejengwa kama kwaya. Badala ya ala 30, mtunzi huandika sauti 4 au 5 tu, kisha kila sauti huchapishwa mara nyingi, kila mara kwa ajili ya ala tofauti. Sauti ya kwanza inaweza kupigwa na filimbi, obo, klarineti au tarumbeta. Ya pili ina karatasi za klarineti, tarumbeta na saksofoni alto. Ya tatu ina za saksofoni alto, honi, saksofoni ya tena, wakati mwingine na tromboni. Ya nne ni ya tromboni, eufoni, saksofoni ya tena au fagoti. Na ya tano ni ya tuba, saksofoni baritoni na ala nyingine za besi. Mgawanyo hutofautiana kati ya mchapishaji mmoja na mwingine, lakini sharti ni moja: kila sauti ikipata mtu angalau mmoja, wimbo umekamilika. Wakija watu 5 unapigwa, wakija 26 unapigwa, na tofauti itakuwa kwenye unene wa sauti, wala hapatakuwa na baa zilizobaki tupu.

Nilipoipata seti yetu ya kwanza ya aina hii nilifurahi sana, nikaigawa siku hiyohiyo bila kuikagua. Tulipoanza kupiga, sauti iliyotoka ilikuwa ya kuumiza masikio. Tromboni na tuba zilikuwa pamoja, saksofoni mbili za vijana waliojifunza sekondari ziliendana nazo, lakini matarumbeta yote manne yalikuwa juu ya wenzao kwa hatua moja kamili, tangu nota ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba walikuwa wanapiga wimbo uleule katika nyumba ya jirani. Niliwasimamisha, nikawaambia wakaze masikio, tukarudia, na kosa likabaki palepale. Wapiga tarumbeta wangu walinitazama kwa masikitiko, kwa sababu walikuwa wanasoma sawasawa kabisa kile kilichoandikwa. Ilinichukua usiku mzima kuelewa kwamba hakuna aliyekosea, na kwamba palikuwa na mapokeo mawili ya kusoma nota ndani ya chumba kimoja.

Ufafanuzi wake unaanzia mbali kidogo. Tarumbeta tunayoitumia ni ya B flati, yaani mpulizaji asipobonyeza pistoni yoyote, sauti anayoipata kirahisi ni B flati ya kinanda. Katika bendi za Uingereza na Marekani, sauti hiyo huandikwa kwenye karatasi ya tarumbeta kama C. Mpulizaji huona C, hupuliza bila kubonyeza, na kwenye kinanda sauti hiyo ni B flati. Saksofoni alto nayo ina hesabu yake: ikiona C hutoa E flati, na honi ya F ikiona C hutoa F iliyo chini yake. Kwa sababu hiyo karatasi za ala mbalimbali za wimbo mmoja huwa na idadi tofauti za shapu na flati ingawa wote wanapiga katika ufunguo uleule, yaani wimbo ukiwa na do ileile, na mwandishi wa nota ndiye anayebeba mzigo wa kuzihamisha.

Kwaya za tarumbeta za makanisa ya Kilutheri nchini Ujerumani zilichukua njia nyingine. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1941, ndiye anayekumbukwa zaidi kwa kuieneza: wapiga tarumbeta wote wasome nota kama zinavyosikika, sawa na kinanda na sawa na waimbaji, ili waweze kufungua kitabu cha nyimbo au nota za kwaya na kupiga moja kwa moja bila mtu kuandika karatasi mpya. Kwa mpiga tarumbeta wa mapokeo hayo, nota inayopigwa bila kubonyeza pistoni huandikwa B flati na huitwa B flati. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Ulutheri uliokua kwenye mteremko huu ulirithi mengi ya ibada ya Kijerumani, pamoja na mapenzi ya kusifu kwa ala za shaba kama tarumbeta na tromboni. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma hivyo na mzee aliyefundishwa hivyo, na wapiga tarumbeta wangu nimewafundisha hivyohivyo. Walipowekewa karatasi iliyoandikwa kwa desturi ya Kimarekani, wakaona C, wakapiga C ya kinanda, ilhali mwandishi alikusudia B flati. Hatua moja juu, kila mara, bila kosa.

Dawa yake ilikuwa ndani ya bahasha ileile. Kwa kuwa nota nyumbufu huchapisha sauti ya kwanza kwa ala nyingi, imo pia karatasi ya ala zisizohamisha nota, yaani filimbi na obo. Karatasi ya filimbi ilikuwa juu mno kwa oktava moja, yaani ngazi nzima kutoka do hadi do, lakini ya obo ilikuwa mahali panapofikiwa na tarumbeta. Jumamosi iliyofuata niliwapa wapiga tarumbeta wangu karatasi zenye jina la obo juu yake, ala ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishika, na wimbo ukasimama. Kwa sauti ya pili, ambayo haikuwa na karatasi ya namna hiyo, nilikaa na kalamu nikainakili upya hatua moja chini. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini liko kwenye vikundi vingi vya tarumbeta vya makanisa yetu, na walimu wengine huenda wanawalaumu vijana wao kwa kukosa sikio wakati kosa ni la karatasi. Kabla ya kugawa nota yoyote iliyotoka nje, muulize mpiga tarumbeta wako swali moja: usipobonyeza kitu, unaiitaje nota hiyo? Jibu lake litakuambia ni karatasi ipi umpe.

Wapo wanaoziona nota hizi kuwa za kupunguziwa, chakula cha watoto ambao hawajaweza kula cha wakubwa. Siafikiani nao, na historia haiko upande wao. Mwaka 1551 mchapishaji Tielman Susato wa Antwerpen alitoa mkusanyo wa nyimbo za ngoma za kuchezwa, za sauti nne, na akausema kuwa unafaa kwa ala za kila aina. Waliokuwa na filimbi walipiga kwa filimbi, waliokuwa na shaba walipiga kwa shaba. Wakati huo hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida, na kumtajia mpigaji ala mahususi ndiko kulikokuwa kugeni. Mtunzi Mwingereza Gustav Holst, alipoandika mwaka 1909 muziki wake wa kwanza mkubwa kwa bendi ya kijeshi, ule wa E flati, ambao hadi leo unahesabiwa kuwa nguzo ya bendi za tamasha, aliweka alama kwenye baadhi ya ala kuonyesha kwamba zinaweza kuachwa ikiwa hazipo. Percy Grainger, mtunzi mzaliwa wa Australia, alikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alieleza kwa maandishi mfumo alioupa jina la uandishi unaovutika, ambamo wimbo mmoja ungeweza kupigwa na watu wachache kabisa au na okestra nzima, ilimradi uwiano wa sauti ulindwe, na akawasihi viongozi wa vikundi vya shule na vya watu wasiolipwa watumie ala zozote walizonazo. Huyo alikuwa mmoja wa waandishi hodari kuliko wote katika muziki wa bendi, na hakuliona jambo hilo kuwa la kushusha hadhi.

Mwaka 2020, korona ilipozuia bendi kukutana zikiwa kamili, watunzi na viongozi kadhaa wa bendi nchini Marekani, akiwemo Robert Ambrose, waliunda kikundi walichokiita Creative Repertoire Initiative ili kuhimiza uandishi wa muziki unaoweza kurekebishwa kulingana na waliopo. Ghafla vyuo vikubwa vyenye kila ala vikajikuta katika hali ambayo kwetu ni ya kila Februari, na watunzi wa kiwango cha juu wakaanza kuandika kwa ajili ya hali hiyo. Tulinufaika sana, kwa sababu kabla ya hapo nota nyingi nyumbufu nilizoziona zilikuwa nyepesi mno, za madaraja ya chini, zenye mahadhi yasiyomgusa mtu mzima.

Hata hivyo nota hizi zina udhaifu wake, na asiyeujua atawaumiza wapigaji wake. Udhaifu wa kwanza ni mpangilio wa juu na chini. Nikimpa mpiga saksofoni ya tena karatasi ya sauti ya pili, atapiga nota zilezile lakini oktava moja chini ya tarumbeta, na ghafla sauti ya pili inakuwa chini ya sauti ya tatu. Mara nyingi sikio husamehe. Lakini besi ikikosekana, halisamehe tena: ikiwa sauti ya chini kabisa ni so badala ya do, mwisho wa wimbo husikika kana kwamba haujafika nyumbani, na waimbaji kanisani husita bila kujua kwa nini wanasita. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza nikigawa karatasi ni kuanzia chini. Natafuta kwanza nani atapiga besi, na kama mzee wa tuba hayupo, namhamisha mpiga tromboni bora kuliko wote kwenye sauti ya tano, hata kama atanung'unika kwamba amenyimwa wimbo. Kinanda nacho kinaweza kuishika besi hiyo kwa mkono wa kushoto, nasi tumefanya hivyo mara nyingi kwenye ibada, ingawa kihambani hakuna umeme.

Udhaifu wa pili ni rangi. Mtunzi anayejua kwamba wimbo utapigwa na obo anaweza kuandika huzuni ambayo obo peke yake huweza kuisema. Mtunzi anayeandika kwa ajili ya yeyote hana uhakika huo, na wavivu miongoni mwao huandika sauti zisizo na tabia, zinazofaa kila mtu na zisizompendeza hata mmoja. Wazuri hutumia njia nyingine: hubadilisha unene, wakaacha sauti mbili zipige peke yake kisha zote zirudi, huweka majibizano kati ya juu na chini, huipa ngoma kazi yenye maana. Kwa kipimo hicho hujaribu nota mpya, nikifunika kwa mkono sauti ya kwanza na kuangalia kama zilizobaki zina jambo la kusema. Sauti ya tatu ndiyo inayonipa jibu. Ikiwa imeandikwa nota moja ndefu inayojirudia kwa baa 16, najua kijana nitakayempa ataacha kuja mazoezini kabla ya mwezi kwisha.

Baadhi ya wapigaji wangu hupiga pia kwenye matarumbeta ya harusi, yale yanayopanda nyuma ya gari dogo aina ya pikapu na kuutangulia msafara wa maharusi siku za Jumamosi kupitia mjini. Hao hawahitaji karatasi. Wimbo uliotoka juzi redioni wataupiga leo, kwa sikio, katika ufunguo wowote, huku gari likiyumba, na nauheshimu ujuzi huo kwa dhati. Yapo mambo ya mapigo ambayo nimejifunza kwao na ambayo hakuna mwandishi wa nota aliyenifundisha. Lakini nimeona jambo moja kila ninapowakusanya kupiga wimbo wa ibada bila nota. Wa juu wote hukimbilia sauti ya kwanza, wa chini wote hukimbilia besi, na katikati panabaki wazi. Sauti za alto na tena, ambazo ndizo zinazomfanya mtu mzima alie kwenye wimbo aliouzoea tangu utoto, hazikamatwi na sikio kirahisi kwa sababu zimejificha. Karatasi ndiyo inayozilinda.

Kuhusu gharama na haki nitasema kwa ufupi. Nota nyingi nyumbufu siku hizi huuzwa kama faili, na mnunuzi hupewa ruhusa ya kuchapa nakala kwa ajili ya kikundi chake mwenyewe. Kuzituma kwa kikundi cha usharika wa pili ni kumnyima mtunzi riziki, hata kama sote ni kanisa moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na mpangilio mpya wa wimbo wa kale una ulinzi wake wenyewe. Vilivyo huru ni vingi kuliko tunavyodhani. Nyimbo za gwaride za John Philip Sousa, mtunzi Mmarekani aliyefariki mwaka 1932, zimewekwa kwenye tovuti ya bendi ya wanamaji ya Marekani zikiwa na nota zote, bila malipo. Waimbaji wa kwaya za Kikatoliki wanaijua tovuti ya Swahili Music Notes, ambako watunzi wetu wenyewe huweka nota zao za kwaya. Kwa kikundi cha tarumbeta wimbo wa sauti nne ulioandikwa vizuri uko nusu ya njia tayari, ilimradi mtunzi aombwe ruhusa kwanza.

Na mnapokwenda steshenari kunakili, angalieni kipimo cha karatasi. Nota nyingi zilizochapwa Marekani ni pana kuliko A4, na mashine isipoambiwa ipunguze, hukata mstari wa chini au nota za mwisho wa baa. Niliwahi kugawa nakala ambazo zote zilikuwa zimepoteza alama za shapu mwanzoni mwa mistari. Kwa kazi za nje, hasa misibani, huchapa kwa nusu ya A4, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuibana kwa vibanio vya nguo, kwa sababu upepo unaopita kwenye migomba haujali daraja la wimbo.

Hatua iliyonibadilisha zaidi ilikuwa kuanza kuandika mwenyewe. Programu ya MuseScore ni ya bure, na hata kompyuta ya zamani huweza kuiendesha katika matoleo yake ya awali. Unaandika sauti nne kama zinavyosikika, kisha unaiambia programu kwamba sauti ya pili sasa ipigwe na saksofoni alto, nayo inahamisha nota zote yenyewe na kutoa karatasi ya mpigaji huyo peke yake. Kazi iliyonichukua usiku mzima kwa kalamu sasa naimaliza kabla chai haijapoa. Kwa wapiga tarumbeta wangu naacha nota kama zinavyosikika, kwa vijana wa saksofoni nazihamisha, na kwa mzee wa tuba, ambaye alijifunza muziki kwa solfa na hakuwahi kuizoea mistari mitano, naongeza d, r, m chini ya kila nota. Bendi moja, njia tatu za kusoma, na hakuna anayelazimika kumwonea mwenzake haya.

Wimbo nilioufanyia kazi muda mrefu zaidi ni "Bwana u sehemu yangu", ambao hakuna mazishi ya Kilutheri mteremkoni huku nisikousikia. Mahadhi yake ni ya Silas Vail na maneno ya awali ni ya Fanny Crosby, Wamarekani wa karne ya 19, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa. Waimbaji wetu huuimba kwa ufunguo wa G. Kwa kinanda hilo si tatizo, lakini G humpa mpiga saksofoni alto shapu nne, na wapigaji wengi wa shaba hujisikia salama zaidi penye flati. Niliushusha hatua moja hadi F. Saksofoni alto ikabaki na shapu mbili tu, matarumbeta yakatulia, na wazee wa kiume kanisani wakaniambia kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wanaufikia mstari wa juu bila kujikamua.

Ubeti wa kwanza niliuandikia sauti zote nne kwa utulivu kama kwaya. Ubeti wa pili nimewaachia wawili tu, yeyote wa sauti ya kwanza na yeyote wa besi, kwa sababu nilitaka familia iliyosimama kando ya kaburi isikie maneno yake yenyewe. Ubeti wa tatu sauti ya tena inachukua wimbo na waliobaki wanaisindikiza, na hapo ndipo penye kazi isiyokwisha. Tukiwa na tromboni, wimbo unapanda vizuri juu ya besi na kusikika mpaka barabarani. Siku ambayo sauti hiyo ina honi peke yake, katika baa ya 5 hadi ya 8 anamezwa na tarumbeta mbili zilizo juu yake, hata akipuliza kwa nguvu zote. Nimejaribu kuziandikia tarumbeta alama ya kupiga kwa sauti ya chini, lakini nje, penye watu wanaolia, hakuna anayeweza kupiga kwa sauti ya chini kiasi hicho na sauti yake isikatike.

Wiki hii nimeamua kuziondoa kabisa katika baa hizo nne na kuziandikia mapumziko, kisha nimeweka kwa nota ndogo kile walichokuwa wakipiga, ili tarehe 26 Desemba, tromboni zitakapokuwa tatu, waweze kurudi. Karatasi nimekwisha kuzichapa. Jumamosi saa kumi tutaujaribu na watu 8 walioahidi kuja, honi akiwa miongoni mwao.